Mbwa wa Darasa

Mbwa wa mama mkwe wangu hakunipenda, na mimi sikujihangaisha kumbembeleza. Alikuwa dume la rangi ya majivu, kifua kipana, na kila nilipofika shambani na mtoto mgongoni alisimama katikati ya njia akanizuia mpaka mama mwenyewe atoke. Kama alikuwa na jina, sikuwahi kulisikia. Mama alimwita kwa kugonga ulimi tu, naye popote alipo alikuja. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimeletwa kutoka Karema kandokando ya ziwa, na kati ya wote niliowakuta katika ukoo ule yeye peke yake ndiye aliyenionyesha waziwazi kwamba hanitaki. Wengine walinichekea usoni.

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mgodi wa madini ya risasi, na sisi tulikaa Makanyagio, mjini, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama yake, mjane, alikaa peke yake Misunkumilo. Miaka ile ya hamsini ukitoka uani mwake umeshaingia porini. Alilima mahindi, karanga na mihogo, na kila kilichoota pale nguruwe pori walikijua kabla yake. Kundi moja likiingia jioni, asubuhi shamba limelimwa upya, halina hata bua lililosimama. Aliyewazuia ni yule mbwa. Majirani waliokuwa na wanaume na mikuki walivuna nusu ya alichovuna yule mwanamke mmoja na mbwa wake.

Shemeji zake walikuwa wamekwisha kusema mbele ya watu: mwaka atakaoshindwa kuvuna, mama atafunga mkeka wake ahamie kwa mwanawe mjini. Yeye hakutaka hata kulisikia neno hilo. Mume wake amezikwa nyuma ya nyumba, watoto wake wawili waliokufa wachanga wamezikwa palepale, na alikuwa mwanamke ambaye tangu azaliwe hajapikiwa na mtu mwingine. Mimi, niseme ukweli, sikutaka pia. Mama mkwe nyuma ya pazia ni adhabu kwa watu watatu. Kwa hiyo afya ya yule mbwa, nipende nisipende, ilikuwa jambo langu.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa kiangazi. Mbwa yule alikuwa mgeni kama mimi, aliletwa akiwa mtoto kutoka milima ya Ufipa ambako mbung'o, wale inzi wa malale, hawapo, na mbwa wa huko wakishuka kwetu hawakawii kufa. Kwanza alivimba taya. Kisha akaanza kukonda, na miguu ya nyuma ikawa inamfuata badala ya kumsukuma. Siku moja nilifika shambani nikapita bila kuzuiwa. Nilipogeuka kumtazama niliona macho yake yameingia ukungu, rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Alikuwa ananinusa tu, anajaribu kujua ni nani. Nilimwonea huruma siku hiyo, na nilikasirika kwamba namwonea huruma.

Mume wangu ndiye aliyesikia habari za kituo kule mgodini. Serikali ilikuwa imejenga nje ya mji mahali pa kufundishia vijana kazi ya mifugo. Palikuwa na vyumba vya bati, sakafu ya saruji, meza ndefu ya mbao, na uzio wa sengenge kuzunguka vibanda. Watu walipaita Hospitali ya Wanyama. Walisema mnyama anatibiwa bure, ila wanafunzi lazima wamtazame. "Mpelekeni," mume wangu alisema. "Wewe utaongea, mama atakaa kimya. Atakubali."

Mama alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, basi, na mbele ya watu wa serikali hata hicho kilimkimbia. Tulitoka alfajiri, yeye akimvuta mbwa kwa kamba ya gome, mimi na mtoto nyuma. Mbwa alianguka njiani mara kwa mara. Kila akianguka, mama alisimama kimya akamngoja ainuke mwenyewe, hakumvuta wala kumkemea.

Tulikuta watu. Mke wa karani wa mgodi alikuwa na mbwa mweupe mwenye manyoya marefu, amemkalisha mapajani kama mtoto mchanga. Msukuma mmoja alikuwa na ndama mwenye kidonda shingoni. Mwenye duka la nguo alileta paka ndani ya kikapu, na paka alikuwa akilia kwa sauti iliyomwamsha mwanangu. Mwalimu alitupokea sote. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu wa mbali, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alikuwa mpole. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye nilijaribu sana kumkumbuka kama mtu mkali, nikashindwa.

"Bibi, shikamoo," alisema. "Mbwa ana shida gani?"

Mama alinitazama mimi. Nikaeleza taya, miguu, macho. Mwalimu akafunua kope za mbwa kwa vidole gumba, kisha akaita: "Njooni nyie wote, haraka! Tazameni jicho hili."

Vijana wakaja mbio na makoti yao meupe, wakamzunguka. Mmoja akamtoboa sikio, akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kioo, wakainama kwa zamu kwenye hadubini. Nilisikia mmoja akipiga ukelele, "Wapo! Wanacheza, wapo wengi!" Wengine wakasukumana kutaka kuona. Walikuwa na furaha. Sikuwa nimewahi kabla ya hapo kuona watu wanaufurahia ugonjwa. Lakini mama aliona furaha ile akavuta pumzi ndefu. Aliniambia kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kwamba wameujua. Alisema mganga akiujua ugonjwa kwa haraka hivyo, mgonjwa atapona.

Wengine walitibiwa wakaondoka na wanyama wao. Mke wa karani aliambiwa amrudishe mbwa keshokutwa kwa sindano nyingine, na Msukuma hivyohivyo na ndama wake. Nilisikia yote hayo kwa masikio yangu. Ilipofika zamu yetu, kabla mwalimu hajasema neno, mama alisogea mbele, akapiga goti, akashika kamba kwa mikono miwili akaiweka mikononi mwa mwalimu. Mwalimu alishangaa. Akamtazama mbwa, akaitazama kamba, akainamisha kichwa kwa heshima akaipokea. Mama akainuka, akageuka, akaanza kutembea. "Usitazame nyuma," aliniambia. Mbwa alilia mara moja tu. Sikutazama.

Njiani nilimuuliza kwa nini tumemwacha wakati wengine wamerudi na wanyama wao. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu asiye na akili. Kwa wazee wa ukoo ule, mgonjwa mzito hupelekwa akakae kwa mganga. Wa homa ndogo anarudi nyumbani, mzito anaachwa. Unamkabidhi kwa mikono miwili, unageuka, na tangu hapo ni mgonjwa wa mganga mpaka mganga mwenyewe atume mtu kusema njooni mmchukue. Kazi ya ndugu ni kuleta chakula. Na hawaulizi. Kuuliza anaendeleaje ni kumwambia mganga huiamini dawa yake, na dawa isiyoaminiwa inalala, haifanyi kazi tena. Alilisema hili la mwisho akinitazama kwa ukali, maana alikwisha kunijua. Kwetu ziwani ukinunua samaki bila kuuliza amevuliwa lini, umenunua tumbo la kuendesha. Mimi nauliza. Nimezaliwa nauliza.

Basi mama akawa anapeleka chakula. Ugali, mifupa anayoomba kwa wachinjaji, wakati mwingine dagaa nilizoletewa kutoka nyumbani na ambazo, kusema kweli, sikukusudia mbwa ale. Alitembea kutoka Misunkumilo mpaka kule kituoni, akaweka bakuli mlangoni, akapiga goti kidogo kwa yeyote aliyetokea, akaondoka. Vijana walimzoea. Walimwita bibi wa mbwa, wakamsalimia vizuri, wakapokea bakuli. Yeye hakuuliza kitu, wao hawakumwambia kitu, na pande zote mbili zilidhani ni adabu.

Shamba huku likawa halina mlinzi. Mvua za kwanza zilinyesha, akapanda, mahindi yakatoka. Alijenga dungu la kulindia shamba akalala humo na debe bovu la kugonga. Mwanamke wa umri ule, usiku kucha ananyeshewa, anagonga debe kuwafukuza nguruwe ambao baada ya muda walilizoea debe wakala wakilisikiliza. Kila nilipokwenda nilimkuta amekonda zaidi, sauti imekauka. "Atarudi," alisema. "Wanamtibu." Mahindi ya upande wa bondeni yalikuwa yamekwisha.

Mimi niliwahi kupita kituoni nikienda kutafuta kuni, nikamwona mbwa kupitia sengenge. Alikuwa amelala ubavu, mbavu zinahesabika, macho meupe kabisa. Shingoni na masikioni alikuwa na mabaka yaliyonyolewa. Nilimwambia mume wangu. Alisema nisiingilie mambo ya mama yake. Nikamwambia mbwa anakufa. Akasema, "Wewe ni daktari?" Mume wangu alikuwa mtu mwema na alichoka sana mgodini, lakini jibu lile lilinichoma.

Nikaenda. Sikumuaga mtu. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaingia mlango wa mbele, nikamkuta mwanafunzi mmoja anasafisha vioo. Nikamuuliza, "Yule mbwa wa bibi, mmemchoma sindano ngapi mpaka sasa?"

Kijana alifikiri namtania. "Yule hachomwi sindano, mama. Yule ni wa darasa." Akanieleza kwa fahari, maskini, kama anayemsifia ndugu yake. Damu ya mbwa yule ilikuwa na vijidudu vingi vya mbung'o kuliko mnyama yeyote waliyewahi kumpata. Kila wiki walitoa kidogo, kila mwanafunzi akaangalia na kuchora. Wakimpa dawa vijidudu vitakufa, na darasa halitakuwa na cha kuona. Walimwekea hata majani makavu ya kulalia. "Tunamtunza vizuri," alisema, "ili adumu."

Nilipaza sauti, mtoto akaanza kulia, mwalimu akatoka ofisini. Nilimuuliza mbele ya vijana wake ni mganga gani anayemtunza mgonjwa ili ugonjwa usiishe. Hakukasirika. Alinikalisha kwenye benchi, akasubiri nimnyamazishe mtoto, akanieleza utaratibu wao. Mnyama wa kutibiwa huletwa na mwenyewe, huchomwa, hurudi nyumbani, huletwa tena. Anayeachwa pale ni yule ambaye mwenyewe amemkataa, na watu wengi walikataa mbwa wao wakiona macho yameota ukungu. Bibi alimkabidhi kamba akaondoka bila kugeuka. Yeye mwalimu angefikiria nini?

"Na chakula?" nikamuuliza. "Mtu aliyekataa mbwa wake anamletea chakula kutoka Misunkumilo?"

Alitazama mlango, pale bibi alipokuwa akiweka bakuli. "Tulidhani ana huruma tu," alisema. "Hakuwahi kuuliza."

Siku hiyohiyo walimchoma sindano. Mwalimu mwenyewe alimchoma, na uso wake ulionyesha anajua kwamba dawa imechelewa. Akasema tumchukue nyumbani, tumrudishe baada ya siku chache. Nilifika Misunkumilo jioni nikamkuta mama anapukuchua mahindi machanga yaliyobaki. Nikamweleza yote. Nilimweleza polepole, kwa lugha yake kadiri nilivyoijua, kwamba hawakumtibu hata siku moja, kwamba walimweka ili wanafunzi waone ugonjwa, kwamba mimi nimeuliza na sasa ndiyo wameanza dawa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja alie, au atukane, au angalau atupe kile kibunzi alichoshika. Akaniuliza jambo moja tu.

"Uliuliza?"

Nikasema ndiyo.

Alifunga khanga yake ya mabegani akaondoka kwenda kituoni jioni ile, akarudi na mbwa amembeba mgongoni kama anavyobebwa mtoto mkubwa mgonjwa, miguu inaning'inia huku na huku. Alimlaza jikoni karibu na moto. Alimgongea ulimi, na mbwa akageuza kichwa upande sauti ilikotoka, mkia ukapiga vumbi kidogo. Alikunywa maji. Siku ya pili alijaribu kusimama. Siku iliyofuata alikufa mchana, mimi, niliyekuwa nimebaki kumsaidia mama, nikiwa nachota maji, na niliporudi mama alikuwa ameshaanza kuchimba. Nilishika jembe la pili. Akaniondolea mkononi.

Mwaka ule hakuvuna. Shemeji zake hawakungoja kukumbushwa. Walikuja wakaezua paa la jiko, wakagawana milango, na mama mkwe wangu akaingia Makanyagio na mkeka, chungu na jembe ambalo hapakuwa na pa kulilimia. Usiku wa kwanza, tukiwa tumekaa kula, alimwambia mwanawe bila kuniangalia, kama vile sipo: "Mbwa wangu alikuwa anapona. Mke wako akaenda akauliza."

Mume wangu aliujua ukweli wote. Nilikuwa nimemweleza hadi rangi ya vile vioo. Nilimtazama nikingoja afungue kinywa. Alikata tonge, akalichovya, akasema, "Mama, kula, chakula kinapoa." Nilikula pia. Sijui ningefanya nini kingine.

Mama hakuwachukia wale watu wa kituo hata kidogo. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Nikiwalaani, alinikataza. Kwake yeye walikuwa waganga wa kweli ambao dawa yao ilivunjwa na mwanamke asiyejua kufunga mdomo, na aliishi nyuma ya pazia langu miaka mingi na imani hiyo. Alikula nilichopika, aliwabeba wanangu, aliniitikia salamu kila asubuhi.

Tena, kabla mwezi haujaisha tangu ahamie, aliniita akanipa kuku. Tetea mweupe, mzima, aliyebaki peke yake katika kuku wake wa Misunkumilo. Akaniambia nimpelekee mwalimu. Mganga hupewa haki yake hata mgonjwa akifa, alisema, la sivyo ugonjwa unarudi nyumbani kutafuta mwingine. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu, mimi ndiye wa kupeleka.

Nilikataa. Akamtazama mwanangu aliyekuwa anatambaa sakafuni, akanitazama mimi. Nikamchukua kuku.

Nilitembea na hasira njia nzima, nikiwa na maneno niliyoyapanga vizuri. Nilimkuta mwalimu uani anaosha mikono. Nikamnyooshea kuku, na maneno yote yakanikimbia. "Ametoka kwa bibi wa mbwa," nilisema. "Ni wa shukrani."

Aliguswa, niliona. Alikausha mikono kwenye kaptula yake iliyopigwa pasi, akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema watu wa huku wana utu sana. Aliniomba nimsalimie bibi. Alinisindikiza mpaka mlangoni, kuku kwapani, tukapita kwenye vibanda, na kibanda alichokuwa analala yule wetu kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, majani mapya yametandikwa. Kisha akaniuliza, kwa upole wake uleule, kama bibi ana mbwa mwingine.